Springi za valvu kwa 1JZ yenye tabo: uzoefu wangu na nilichokipima

Gari ni Mark II ya JZX110, injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, tabo (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) moja kubwa kuliko ya kiwandani, na kemshafti, yaani mihimili inayofungua valvu, zinazonyanyua valvu milimita 9. Kazi yake ni mbio fupi za mita 400, barabara ikiwa imefungwa rasmi. Naandika kuhusu springi za valvu peke yake, zile zinazoirudisha valvu ifunge, maana ndizo wadau wengi wa Arusha na Moshi wananiuliza, na ushauri wanaopewa mara nyingi ni mmoja tu: chukua ngumu kabisa. Mimi siukubali ushauri huo.

Injini ilikuwa inavuta vizuri mpaka mizunguko 7,300 hivi kwa dakika, halafu inaanza kukatakata. Ukimsimulia mtu dalili hiyo anakuambia plagi au koili, na huko ndiko tulikoanzia: plagi mpya, mwanya tukaupunguza, koili zikapimwa moja moja. Tatizo likabaki palepale. Kilichotupa jibu ni presha ya tabo. Tukiishusha hadi baa 0.8 injini inapanda resi mpaka 7,800 bila kusita. Tukirudisha baa 1.5, inakata tena. Koili dhaifu nayo huleta dalili ileile, ndiyo maana lazima uimalize kwanza kabla hujafungua hedi, sehemu ya juu ya injini yenye valvu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Valvu ya kuingiza hewa kwenye hedi yangu ina kipenyo cha milimita 33.5, yaani eneo la karibu sentimita za mraba 8.8. Baa 1.5 ikiisukuma kwa nyuma, hizo ni kama kilo 13 na nusu zinazotaka kuifungua wakati springi inataka kuifunga. Springi za zamani nilizozitoa zilikuwa na kilo 16 valvu ikiwa imefunga. Zinabaki kilo mbili na nusu. Hiyo ni hesabu ya hali mbaya kuliko zote, maana ndani ya silinda nako kuna presha inayopingana na hiyo na kuipunguza, lakini mimi napenda kuhesabu kwa upande wa usalama. Kumbuka pia kwamba injini ikiwa kwenye mizunguko 8,000, kemshafti inazunguka mara 4,000, kwa hiyo kila valvu inafunguka na kufunga zaidi ya mara 66 kwa sekunde. Na nguvu inayohitajika kuirudisha hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi: ukitoka 7,000 kwenda 8,500, inaongezeka kwa karibu asilimia 47. Springi iliyochoka inashindwa kuifuata kemshafti. Valvu inachelewa, inagonga kiti chake na kuruka.

Upande wa egzosi ndio unaosahaulika. Nilifunga geji kwenye manifodi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kabla ya tabo, nikasoma baa 2.4 wakati hewa inayoingia ilikuwa baa 1.5. Tofauti hiyo inaisukuma valvu ya egzosi ifunguke wakati silinda inavuta hewa. Hapa Arusha tuko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ili geji isome baa 1.5 ileile tabo lazima ifanye kazi kubwa kuliko ingekuwa Dar es Salaam au Tanga, na presha ya manifodi inapanda nayo. Anayetengeneza injini kwa namba alizopewa na mtu wa pwani aliweke hilo kichwani.

Niliagiza seti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bei nafuu, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, imeandikwa tu kuwa ni ya mbio na haina karatasi ya vipimo. Ya pili ilitoka Marekani: springi mbili mbili, ndogo ndani ya kubwa, pamoja na kofia za titani zinazoshika springi kwa juu, na karatasi inayoonyesha nguvu kwa kila urefu. Mpaka inafika Arusha, pamoja na ushuru, ilizidi milioni moja na nusu. Siyo pesa ndogo.

Fundi wangu yuko Unga Limited, hapa hapa Arusha, mzee aliyekereza hedi za malori miaka mingi. Seti ya bei nafuu alipoishika akaiminya kwa kidole, akaiweka mezani. "Kijana, springi hainunuliwi kwa macho. Lete mizani." Akaweka mizani ya jukwaa chini ya drili ya mezani, springi juu yake, kichwa cha drili kikashuka taratibu huku mimi nimeshika venia, kifaa cha kupimia urefu. Kwenye milimita 34, ambao ni urefu wake ikiwa imefungwa kwenye hedi yangu, ilisoma kilo 38. Ngumu kweli. Tukaendelea kuishusha. Valvu ikifunguka milimita 9, springi inabaki na urefu wa milimita 25. Ile seti ilijibana, duara zote zikagusana, kwenye milimita 24.5. Imebaki nusu milimita tu! Mafundi wa injini za mbio hupenda ibaki walau milimita moja hadi moja na nusu. Springi ikijibana ndani ya injini inayozunguka, kinachofuata ni kemshafti kuchimbika, kofia kupasuka, au valvu kudondokea kwenye pistoni.

Ya Marekani ilisoma kilo 34 valvu ikiwa imefunga, kilo 75 valvu ikiwa wazi kabisa, na ikajibana kwenye milimita 22.8. Yaani ni laini kuliko ile ya bei nafuu, na ndiyo iliyokuwa sahihi. Ugumu uliopitiliza unakula kemshafti na tapeti (kipande kati ya kemshafti na valvu) na kuongeza joto bure. Uzuri mwingine wa springi mbili ni kwamba zinasuguana kidogo na kutuliza mtetemo, na moja ikikatika ya pili inaizuia valvu isidondoke.

Usikubali kufungiwa bila kupima kila nafasi. Viti vya valvu vikishakerezwa, valvu inazama kidogo na urefu wa springi unaongezeka. Kwenye hedi yangu nafasi chache zilizidi kwa nusu milimita, na kwa springi hizi nusu milimita ni zaidi ya kilo mbili zinazopotea. Mzee aliweka shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kujazia, chini ya kila moja iliyozidi mpaka zote 24 zikalingana. Kazi hiyo ilichukua muda kuliko kufunga hedi yenyewe, na kwa kweli ndiyo niliyoilipia kwa moyo mweupe.

Malalamiko yangu kwa seti hii ni mawili. Karatasi yake imeandikwa kwa inchi na pauni, na shimu hazimo ndani ya boksi, unanunua kivyake.

Tulipowasha, tuliiacha ipate joto bila kupiga resi, tukazima ipoe kabisa, tukarudia, kwa sababu springi mpya hupoteza nguvu kidogo mwanzoni na ni bora izipoteze taratibu. Sasa inapanda mpaka 8,500 kwa baa 1.5, mlio mmoja safi kutoka chini hadi juu. Gari la kawaida la kwenda Moshi na kurudi, lenye presha ya kiwandani, halihitaji haya. Springi mpya za kiwandani zinalitosha.

Baada ya mbio za msimu tulitoa springi kadhaa tukazirudisha kwenye mizani. Nyingi zimeshuka kilo moja. Ya egzosi kwenye silinda ya sita imeshuka kilo tatu, na hiyo tumeibadilisha. Muuzaji anakubali kuuza pea moja moja, kwa hiyo nimeagiza nne za akiba, zote za upande wa egzosi.