Tahadhari: pawabanki za mchanga zinauzwa Birere

Ndugu zangu mnaopanda baiskeli hapa Goma, someni hii kabla hamjatoa pesa.

Juma lililopita nilinunua pawabanki Birere kwa kijana anayetembeza simu na waya mkononi. Dola 15. Boksi jeusi, 50000 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) kwa maandishi ya dhahabu. Aliichomeka kwenye simu yangu, ikaanza kuchaji, nikalipa.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri niliifunga kwenye fremu, waya mmoja kwenye simu, mwingine kwenye taa ya mbele, nikashika njia ya Sake. Kufika Mugunga bado ilikuwa inaonyesha 100. Nilifurahi. Mara taa ikazima, giza tupu, na mbele yangu lori limesimama bila taa za nyuma. Nililikwepa nikaangukia mawe ya volkano. Goti bado limevimba.

Nyumbani nikaifungua kwa bisibisi. Betri mbili za duara, zile za urefu wa kidole, na kando yake kifuko cha mchanga kimebandikwa kwa gundi kisichezecheze. Mchanga! Kumbe ndio uzito niliousikia mkononi. Waya mmoja ulikuwa umeachia kwa mtikisiko, na pale ulipogusa plastiki imeyeyuka. Betri ya lithiamu waya zake zikigusana inaweza kuwaka moto, na mimi nilikuwa nimeibeba katikati ya mapaja.

Betri moja ya aina ile, hata iwe nzuri namna gani, haipiti sana 3500 mAh. Ili zifike 50000 zinatakiwa kama 15, na boksi lenyewe linaenea kiganjani. Tena nyuma, kwa herufi ndogo kama za dawa, wameandika 37 Wh, kipimo cha nishati. Gawanya kwa 3.7, volti za betri, unapata 10; zidisha kwa 1000, ndiyo 10000 mAh. Angalieni hapo nyuma, msiangalie dhahabu, ingawa kwa betri mbili hata hiyo 10000 haifikiwi. Na hata 10000 ya kweli huipa simu kama 6000 tu, maana nyingine hupotea volti zikipandishwa kufikia 5.

Jumatatu nilimrudia yule kijana. Alikana kunijua, na begini mwake nikaona nyingine tano au sita za dhahabu ileile.

Ukishaichukua, usiifunge kwenye baiskeli wala usiiache kwenye chaji usiku watoto wamelala. Dakika mbili za kujaribu mbele ya muuzaji hazionyeshi kitu; hata yangu ilichaji.