Wakufunzi wa farasi kwenye video: nani anafaa mazizi ya Arusha na Moshi?

Saisi, yaani mtunza farasi, wa Usa River mwenye simu na bando la wiki anaweza leo kufundishwa na Clinton Anderson, Pat Parelli, Monty Roberts, Buck Brannaman na Warwick Schiller bila kuvuka hata Tengeru. Walimu wamejaa. Kila mmoja ana fimbo yake, kamba yake na msamiati wake, na zizi linaloonja wote kwa zamu huishia na farasi asiyejua anatakiwa nini.

Ukiondoa matangazo, kanuni ya wote watano ni moja: unamwekea farasi shinikizo, anatoa jibu, unaachia. Anajifunza pale unapoachia. Ukichelewa sekunde mbili umemlipa kwa jambo jingine kabisa, pengine kwa kuinua kichwa au kukukanyaga. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mkufunzi ni kama kamera yake inaonyesha wazi ule wakati wa kuachia: mkono, kamba na miguu ya farasi katika picha moja. La pili, je, anaonyesha farasi akikosea? La tatu, mbinu yake inawafaa farasi tulio nao huku, wakiwemo waliostaafu mbio za Ngong pale Nairobi wakavushwa Namanga kuja kubeba watalii au kucheza polo?

Vipindi vya televisheni, kama vile vinavyorushwa na RFD-TV ya Marekani, hufeli swali la pili karibu kila mara. Nusu saa ukitoa matangazo haitoshi kumfundisha farasi kitu kigumu, kwa hiyo picha hukatwa. Namna ya kugundua ni rahisi: tazama jasho. Farasi akiwa mkavu kwenye picha moja, na kwenye inayofuata ana povu kati ya mapaja na shingo imelowa, jua kazi kubwa imefanyika ukiwa hujaonyeshwa. Saisi akijaribu jambo hilo hilo kwa dakika kumi na lisitokee, atadhani farasi ni mkaidi. Julie Goodnight ndiye afadhali katika kundi hili, kwa kuwa kipindi chake cha Horse Master kilichukua mpanda farasi mmoja na tatizo lake moja, na anafundisha sana mkao wa mpandaji. Kwa kazi ya chini, kabla ya kupanda, tafuta kwingine.

Clinton Anderson, Mwaustralia aliyehamia Marekani na kuanzisha Downunder Horsemanship, ndiye mwenye hatua zinazofuatika kuliko wote. Anafaa sana kwa mtu asiye na mwalimu jirani. Chukua zoezi lake la kusogeza nyonga. Simama usawa wa bega la farasi, mita moja na nusu hivi kutoka kwake, pua yake ikikuelekea kidogo. Kaza macho kwenye nyonga. Gonga hewa kwa fimbo kwa mdundo, hesabu mpaka nne. Asiposogea, mguse kidogo kwa mdundo ule ule, kisha zaidi. Mguu wa nyuma ulio upande wako ukivuka mbele ya mwenzake, shusha fimbo, simama, msugue. Hatua moja inatosha siku ya kwanza.

Mambo mawili huharibika hapa. Farasi akitembea mbele badala ya kuvusha mguu, kamba ni ndefu mno au pua imenyooka. Fupisha kamba, ikunje pua kwako, anza tena. Akianza kuzunguka mbiombio kama pia, umeendelea kugonga baada ya mguu kuvuka, na sasa anakukimbia. Kosa hili la pili linaonekana sana kwa wanafunzi wa Anderson, maana yeye mwenyewe hufanya kazi kwa kasi na sauti ya juu, na anayemwiga huchukua ile kasi akaacha ule wepesi wake wa kuachia. Farasi mzito na mvivu hunufaika. Aliyestaafu mbio, ambaye tayari ana wasiwasi, huwaka.

Kuna jingine. Kamba yake ya futi 14, yaani mita 4 na ushei, inalazimisha duara la chini ya mita 10. Kumtimua farasi mzima katika duara hilo kwa mwendo wa kasi, Septemba ardhi imekauka kama sementi, ni kutafuta uvimbe wa kano. Mwache atembee au aende mchakamchaka, mgeuze mara nyingi, na dakika kumi zikifika acha. Lakini zoezi lake la kusimamisha kwa kigwe kimoja, yaani hatamu ya upande mmoja, usiliache. Farasi wa mbio amezoeshwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, vigwe viwili vinapokazwa. Ukivuta vyote anaongeza mwendo. Mfundishe kwanza akiwa amesimama: kunja shingo upande mmoja, ngoja miguu itulie na kigwe kilegee kwa hiari yake, achia. Kisha pande zote mbili kwa mwendo wa kutembea, halafu mchakamchaka. Usilijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye mteremko wa Machame na farasi keshatoroka, maana kumkunja ghafla akiwa mbioni kunaweza kumwangusha.

Pat Parelli amepanga kila kitu katika michezo saba, na ngazi juu yake. Kilicho cha thamani zaidi ni vipimo vinne vya shinikizo la kidole: kwanza unagusa nywele, kisha ngozi, kisha msuli, kisha mfupa, ukipanda polepole na kuachia papo hapo. Hilo lifundishwe kila saisi mpya, hata kama zizi halitamfuata Parelli kwa kingine chochote. Michezo yenyewe ina mtego. Mtu hukwama kwenye ngazi ya kwanza miezi na miezi, farasi akizungushwa bila sababu hadi analaza masikio kila akiona kamba. Mchezo wa kumrudisha nyuma kwa kutikisa kamba ndio unaoharibiwa zaidi: ndoano nzito ya chuma inampiga kidevuni, anainua kichwa, mgongo unabonyea, na anarudi nyuma kwa mkao mbaya kabisa. Ukiona kichwa kimepanda, acha kutikisa. Weka vidole viwili kwenye mfupa wa pua, omba hatua moja, achia.

Halafu bei. Fimbo ya rangi ya chungwa ya Parelli ni fimbo ya futi 4. Ukiagiza ng'ambo utalipia usafirishaji na ushuru kwa kitu ambacho ufito wa mwanzi wa mita 1.2, wenye kamba nyembamba ya mita 1.8 nchani, unakifanya vilevile.

Halta ya kamba, ile inayovalishwa kichwani bila lijamu, nayo hufungwa nyumbani: kamba ya milimita 6, takribani mita 7 kwa farasi mkubwa. Kamba ya kuongozea iwe na unene wa milimita 12 hadi 14, laini na yenye uzito kidogo, ili ukitikisa ifike. Usitumie katani, inachoma viganja na ikilowa inakakamaa. Na halta ya kamba haiachwi kichwani farasi akiwa malishoni wala hafungwi nayo nguzoni, kwa kuwa haikatiki anapovuta kwa hofu.

Monty Roberts ndiye anayependwa na wageni, na ni kweli anapendeza machoni. Mwaka 1989 alialikwa na Malkia Elizabeth II wa Uingereza kuonyesha kazi yake, na tangu hapo jina likaruka. Mbinu yake ya kumfanya farasi aungane na mtu huhitaji uwanja wa duara wa futi 50. Farasi hutimuliwa pembezoni, mizunguko kadhaa kila upande, huku mtu akisoma dalili: sikio la ndani kumwelekea, duara kupungua, kulamba midomo na kutafuna, kichwa kushuka karibu na ardhi. Hapo mtu hugeuza bega, hushusha macho, na farasi humfuata.

Roberts husema hiyo ni lugha ya farasi wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliweka gari dogo la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti badala ya mtu, wakalisimamisha kila farasi alipoonyesha kulielekea, na farasi wakajifunza kulifuata gari. Gari halina bega wala macho. Kilichofanya kazi ni kusitisha usumbufu kwa wakati wake, kanuni ile ile ya wengine. Video za Roberts zitazame kwa ajili ya kujifunza kusoma mwili wa farasi. Hapo hana mpinzani. Kama njia ya kumfundisha farasi wa kila siku, ni dakika thelathini za mwanzo tu, na ukizirudia kila asubuhi unamchosha bure.

Ukitaka kujenga uwanja huo, kipenyo cha mita 16 kinahitaji nguzo 20 za mkaratusi zilizopishana mita 2.5, na fito hadi kimo cha mita 1.7. Ardhini weka mchanga wa mtoni wa sentimita 8 hivi juu ya changarawe iliyoshindiliwa. Ukizidisha mchanga, kano zinaumia. Ukiacha udongo mweusi ulivyo, masika yote hakuna kazi.

Buck Brannaman si mtu wa kuanzia. Alikuwa mwanafunzi wa Ray Hunt, mkufunzi wa farasi wa Marekani, na ndiye anayezungumziwa katika filamu ya hali halisi ya mwaka 2011 yenye jina lake. Semina zake zilizorekodiwa ni ndefu, anaongea akiwa juu ya farasi, na kamera mara nyingi iko mbali. Lakini mpandaji anayejua kukaa hatapata kwingine somo zuri kama lake la kuoanisha mkono na mguu. Unaomba kugeuka kulia pale mguu wa mbele wa kulia unapokaribia kunyanyuka, si ukishakanyaga, kwa kuwa mguu uliobeba uzito hauwezi kwenda popote. Ukishika wakati huo, kigwe kinakuwa chepesi chenyewe. Waongozaji wa safari za farasi wanaolalamika kwamba farasi wao wana midomo migumu, waanzie hapa kabla hawajanunua lijamu kali zaidi.

Warwick Schiller, Mwaustralia mwingine anayeishi California, ndiye chaguo langu kwa mazizi ya huku, hasa yenye farasi waliotoka mbioni. Maktaba yake ya kulipia ina vipindi vizima visivyokatwa, farasi yule yule kuanzia siku ya kwanza, pamoja na sehemu zinazochosha na zile anazokosea. Chunga jambo moja: Schiller wa zamani na wa sasa si mmoja. Video za awali zinafanana na za Anderson kwa upole zaidi. Za baadaye zinakaa sana kwenye wasiwasi wa farasi, kupepesa jicho, kukaza mdomo, kuzuia pumzi. Ukichanganya video za nyakati hizo mbili bila mpangilio, utachanganyikiwa wewe na farasi wako. Kuhusu bando, saa moja kwa ubora wa 480p hula zaidi ya nusu GB, hivyo pakua kwenye waifai kabla ya kwenda zizini. Saisi asiyefuata lafudhi azime sauti mara ya kwanza, atazame kamba na miguu tu.

Tofauti zao huonekana vizuri kwa farasi anayeogopa bodaboda. Anderson na Parelli wote hutumia kusogeza na kuondoa: injini inanguruma mita 30 kutoka kwake, anababaika, unasubiri, miguu ikitulia sekunde mbili na kichwa kushuka, pikipiki inaondoka. Anderson ataendelea ingawa farasi anarukaruka, mpaka asimame mwenyewe. Schiller ataanza mita 60, pale masikio yanaposimama tu, na hangoji afike kurukaruka. Njia ya Anderson ni ya haraka kwa mikono yake. Kwa mikono ya kawaida, pikipiki huondolewa farasi akiwa bado anaruka, naye amejifunza kwamba kuruka ndiko kunakoifukuza. Kumfunga nguzoni na kumzungushia bodaboda hakumo katika somo la yeyote kati yao. Farasi wa namna hiyo huganda, watu wakasema amezoea, kisha hulipuka barabarani.

Mwalimu akija ana kwa ana kutoka Kenya au Afrika Kusini, uliza idadi ya farasi kwa kipindi. Wakizidi wanane umelipia foleni. Uliza kama saisi anaruhusiwa kushika kamba, au anakaa uzioni huku mwenye farasi akijifunza kisha kuondoka zake Ulaya. Ada ya mtazamaji huwa chini ya ile ya mwenye farasi, na kutazama siku nzima ukiandika mara nyingi kunazidi saa moja ya hofu uwanjani.

Baada ya mvua, usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi magharibi na alfajiri. Chanjo iwe imeshakamilika wiki kadhaa kabla, na farasi awe ndani kabla jua halijazama. Na kabla hajaitwa mvivu mbele ya watu, mpime joto: nyuzi 37.5 hadi 38.5 ni sawa. Likizidi hapo akiwa amepumzika, huenda ni homa ya kupe au nagana ya mbung'o, na hakuna video inayotibu hilo.

Kwa punda, weka kando Anderson na uwanja wa Roberts. Punda akisumbuliwa hakimbii duara. Huganda, anafikiri, na ukizidisha anapiga teke au analala. Anaficha pia maumivu, hivyo angalia kwato na vidonda vya kamba ya mkokoteni kwanza. Vile vipimo vinne vya shinikizo vya Parelli vinamfaa: vuta kamba kidogo tu, ngoja hata dakika mbili, na akihamisha uzito mbele, kabla hajanyanyua mguu, legeza. Kipande cha karoti baada ya hatua ya tatu kinaharakisha mambo, mradi kitoke mkononi akiwa ameelekeza pua mbele na si mfukoni mwako.