Mashuka: pima godoro lako kabla hujauliza bei

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga mwezi wa nne, nikamwachia chumba chetu na mashuka mapya niliyoyanunua wiki mbili kabla, Kariakoo, shuka mbili na foronya nne kwa shilingi 65,000. Shuka moja nilikuwa nimeshalifua mara moja ili liwe laini, ndilo nililomtandikia. Asubuhi nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa, akanywa chai yake nusu kikombe, kisha akasema polepole: "Mwanangu, shuka lenu linakimbia."

Nikaenda kuangalia. Shuka limejikusanya katikati ya kitanda limekuwa kamba, na mama wa watu amelala juu ya godoro tupu usiku kucha, lile godoro la sponji linalochoma mgongo kwa joto la Dar. Niliona haya ambayo mpaka leo haijanitoka.

Siku hiyo hiyo nikaazima tepu kwa fundi cherehani wa jirani, na tangu hapo siingii duka la mashuka bila tepu kwenye pochi.

Rangi chagua mwenyewe, maua chagua mwenyewe. Ulaini wa kitambaa kila mtu anaujua kwa vidole vyake. Hizo namba kubwa za nyuzi zinazoandikwa kwenye mifuko, 1000, 1200, zipite tu: nyuzi huhesabiwa ndani ya inchi moja ya mraba, za urefu na za upana pamoja, na shuka la pamba lenye nyuzi kati ya 200 na 400 ni zuri kabisa. Wanaofika elfu wanahesabu mpaka vijiuzi vilivyosokotwa ndani ya uzi mmoja. Ninachotaka kukuambia leo ni kimoja, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza habari yake: unene wa godoro.

Angalia tunavyouziwa. Unasema, "Kitanda changu tano kwa sita." Muuzaji anajibu, "Chukua saba kwa nane, inaingia bila wasiwasi." Biashara imekwisha. Lakini tano kwa sita ni futi za juu ya godoro tu. Zamani godoro lilikuwa inchi 4, ukizidi sana 6, basi saba kwa nane ilitosha na kubaki. Siku hizi watu tunalalia inchi 8, inchi 10, wengine 12, na shuka limebaki lile lile. Godoro limepanda kwenda juu, shuka halikulifuata.

Tufanye hesabu ya kitanda changu. Godoro lina upana wa inchi 60, urefu inchi 72, unene inchi 8. Ili shuka litulie lazima lishuke mbavu zote mbili, yaani inchi 16, halafu liingie chini ya godoro angalau inchi 6 kila upande, yaani 12 nyingine. Jumla upana inchi 88, urefu inchi 100. Sasa lile shuka nililouziwa kwa jina la saba kwa nane lilitakiwa liwe 84 kwa 96. Nikapima la pili, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa: 82 kwa 93. Inchi zilizopotea zimeliwa na pindo, maana wanakata futi 7 ndipo wanapinda kingo, na wewe unalipia futi 7. Kisha nikapima lile lililofuliwa: 78 kwa 89. Toa godoro na mbavu zake, chini ya godoro inabaki inchi moja kila ubavu, na kichwani na miguuni nusu inchi. Shuka la nusu inchi haliwezi kumsubiri mtu anayegeuka usingizini.

Hiyo tofauti kati ya 82 na 78 ndiyo wazee wanaita nguo kurudi. Kiwandani nyuzi za pamba huvutwa na kukazwa kwenye mtambo tangu kufuma hadi kutia rangi na kupiga pasi, zinatoka zimenyooshwa kupita urefu wake. Zikiguswa na maji zinavimba, zinalegea na kurudi zilipotaka kuwa. Pamba ambayo haikurudishwa kiwandani inaweza kupoteza asilimia 5 kwenye ufuaji wa kwanza, na ukitumia maji ya moto inazidi hapo. Dawa ya jambo hili ipo tangu 1930, alipoipatia hataza (haki ya uvumbuzi) Mmarekani Sanford Cluett: kitambaa kinalowanishwa kwa mvuke na kusukumwa kwenye mkanda wa mpira mpaka kirudi kabla hakijauzwa. Karibu miaka mia imepita, na bado tunauziwa mashuka yanayomalizia kurudi kwenye beseni zetu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, iandike kwenye simu: upana wa godoro, jumlisha unene mara mbili, jumlisha inchi 12. Fanya vivyo hivyo kwa urefu. Kama ni pamba na huna hakika imesharudi, ongeza inchi 1 kwa kila inchi 20. Kwa godoro langu inakuja kama 93 kwa 105. Mwenye sita kwa sita ya inchi 10 akipiga hesabu hiyo atafika kama 109 kila upande, futi 9 na zaidi. Halafu anaambiwa saba kwa nane inamtosha! Hata mbavu haimalizi kuzifunika.

Sasa, nini ununue, kwa mpangilio wangu.

Namba moja kwangu ni Bombay Dyeing, na sitajifanya sina upendeleo. Mama yangu alikuwa na jozi moja yenye maua ya buluu, tumelalia sisi watoto, wakalalia wageni, na foronya zake mbili bado zipo. Ni kampuni ya Mumbai iliyoanzishwa 1879 na Nowrosjee Wadia, ikianza kwa kutia rangi nyuzi, na kwa mashuka yao niliyofua mimi mwenyewe rangi haikuchuja. Lakini ninachowapendea zaidi ni kwamba vipimo vimeandikwa kwenye pakiti, kwa sentimita, mtu unapima na kukuta ndivyo. Mashuka ya Kihindi ya kitanda cha wawili mara nyingi huwa inchi 90 kwa 100, na makubwa 108 kwa 108. Mimi nachukua la 108 kwa kitanda changu cha tano kwa sita. Linaingia chini ya godoro mpaka mkono unachoka kusukuma, likifuliwa likirudi halinitishi. Angalia tu pakiti iseme pamba asilimia 100, kwa sababu nao wanatengeneza ya mchanganyiko na ya poliesta. Na pima hata hilo, maana jina zuri huigwa.

Namba mbili ni kununua kitambaa cha jora na kumpa fundi. Kipo kitambaa cha mashuka cha pamba chenye upana wa sentimita 250, ambazo ni inchi 98. Wengi hawakiulizii kwa sababu hakiko kwenye mfuko unaong'aa. Kwa godoro kama langu nunua mita 7.8. Kiloweke chote kwenye beseni kubwa usiku kucha, kianike, kirudi chote kinachotaka kurudi, ndipo kipelekwe kwa fundi. Mita 2.8 kwa kila shuka, na kile kipande kinachobaki cha mita 1.8 na ushee kinatoa foronya nne zikikatwa kwa kupanga kwenye upana. Mwambie fundi asikate kwa mkasi kufuata mstari wa kalamu; achane kwa mkono, kitambaa cha pamba kinachanika kwa kufuata uzi wake, na shuka lililofuata uzi halipindi likifuliwa. Kingo za upande aziache zilivyotoka kiwandani, hazihitaji pindo, na hapo umeokoa inchi ambazo wenzetu wanakula.

Nikilinganisha bei, seti ya aina hii hunigharimu zaidi kidogo ya zile 65,000. Ninazo mbili.

Namba tatu, mtumba. Najua wapo wasiotaka kabisa, na siwalazimishi. Lakini shuka la mtumba limeshafuliwa mara nyingi huko lilikotoka, limesharudi lote. Unachopima sokoni ndicho utakacholalia mwaka mzima. Nenda asubuhi bale likifunguliwa, lishike juu uliangalie dhidi ya mwanga, hasa katikati ambapo mabega na makalio yamesugua. Ukiona nyuzi zimekuwa nyembamba kama chandarua, liache. Nyumbani lichemshe.

Yale ya lastiki kwenye kona nayaweka nafasi ya nne, na kwa sharti kwamba uulize kina cha kona, siyo futi za kitanda. Kona ya inchi 8 kwenye godoro la inchi 10 itavuta mpaka ushonaji uachie. Na lastiki hufa haraka kwa maji ya moto na jua kali.

Mchanganyiko wa pamba na poliesta unarudi kidogo sana, hilo nalikubali, ila baada ya miezi kadhaa unatoa vinundu vinavyokwaruza ngozi. Maikrofaiba mara nyingi ni poliesta tupu. Pamba ikiwa hewani hushika unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1. Jasho lako linabaki na wewe.

Kama muuzaji anakuapia ni pamba, omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo, uwashe kiberiti nje ya duka. Pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopotea kidoleni. Poliesta inayeyuka, inanuka plastiki, na kuacha kipunje kigumu cheusi. Mchanganyiko unafanya vyote viwili.

Na hapa niseme lililo moyoni. Muuza sukari akinipunja robo, mizani yake ina stika ya Wakala wa Vipimo na nina pa kulalamika. Muuza shuka ananipunja inchi 2 za upana na 3 za urefu kwenye kila kipande, na nilipolirudisha lile lililokuwa bado kwenye mfuko niliambiwa, "Mama, hicho ndicho kipimo cha Kariakoo." Kipimo cha Kariakoo! Futi ni inchi 12 Kariakoo, ni inchi 12 Shinyanga. Kijana mwingine dukani akaniambia labda godoro langu ndilo kubwa mno. Niliondoka na shuka langu mkononi, na duka lile sijalikanyaga tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba pamba tunayo. Shinyanga, Simiyu, Geita, Mwanza wanalima, na sehemu kubwa ya pamba yetu inapakiwa melini ikiwa marobota bado haijawa uzi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 ili tuvae na kujifunika vya kwetu. Mkulima wa Bariadi anauza pamba mbegu, ile ambayo haijachambuliwa, halafu anashuka mjini kununua shuka la poliesta la kutoka ng'ambo lililopunjwa vipimo. Sisemi tuache kununua vya nje, mwenyewe nimetoka kuisifia kampuni ya India. Nasema kiwanda cha hapa kikinitolea shuka la pamba la inchi 108, vipimo vya kweli vimeandikwa kwenye pakiti, nitapanga foleni.

Kutunza ni kazi ndogo ukishanunua sawasawa. Fua kabla ya kulalia, kwa maji ya baridi, na utenge rangi nzito peke yake mara mbili za mwanzo. Kuloweka kwenye chumvi ili rangi ishike hakusaidii. Chumvi inafanya kazi yake kiwandani rangi inapotiwa, ikishapita hapo imepita. Jiki iweke mbali na mashuka ya rangi kabisa, na hata meupe usiizoeshe, inakula nyuzi na siku moja unakuta umetoboa kwa kidole cha mguu. Meupe yaanike juani, ya rangi kivulini au yageuze ndani nje. Yanyooshe yangali na unyevu kidogo kwenye kamba, uvute kona kwa kona na mwenzako, hayatarudi sana kama yale yanayokaushwa yamejikunja. Usiyapige wanga ukayafungia kabatini masika yote, wadudu wanaupenda. Kama kwenu mnafukiza udi, fukiza yakiwa makavu kabisa.

Mama mkwe amesema anarudi Disemba. Kitambaa chake cheupe kimekauka jana, upana umebaki inchi 94, na leo jioni nakipeleka kwa fundi.