Spindo ya seramiki kwenye koki ya shawa: elfu nane yangu haikwenda bure

Fundi bomba niliyemwita aangalie koki ya shawa inayovuja aligonga tailizi kwa kidole, akasema, "Mama, hapa dawa ni kuvunja." Kwenye hesabu yake kulikuwa na koki mpya, tailizi, simenti na hela ya kazi. Nikampa nauli, nikamwambia Mungu akubariki.

Mimi nina vyumba vya kupangisha Tabata, Dar es Salaam, koki zinazovuja nazijua. Koki ya shawa iliyojengewa ukutani ikianza kudondosha, mara nyingi mwili wake mzima hauna tatizo lolote. Kilichochoka ni spindo, yaani kile kijiti cha ndani kinachozunguka unapofungua na kufunga. Kinatoka kwa mbele bila kugusa ukuta. Safari hii badala ya spindo ya mpira niliyoizoea nilichukua yenye diski za seramiki, nusu inchi, Kariakoo upande wa Gerezani, shilingi 8,000. Ya mpira duka hilohilo ilikuwa 3,000, na washa peke yake, yaani kile kipande cha mpira cha mwisho wa spindo, 500.

Kabla hujatoa hela, hakikisha kwanza inavuja kweli. Shawa ikidondosha dakika chache baada ya kufunga halafu ikakauka, hayo ni maji yaliyobaki kwenye kichwa chake. Maji yakitokea kwenye shina la mkono wa koki unapofungua, hapo ni oringi, ile pete ndogo ya mpira, na oringi ni hela ya karanga. Inayodondosha usiku kucha ndiyo ya spindo.

Tofauti ya hizi mbili iko kwenye kufunga. Ya mpira inashuka na kukandamiza washa juu ya kiti cha koki, yaani mdomo wa ndani yanakopitia maji. Mpira unapata mfereji, maji yanapenya, nawe unakaza zaidi, na kule kukaza ndiko kunakoumaliza. Ya seramiki haikandamizi kitu. Diski mbili laini zimelaliana, zote zina matundu. Ukizungusha robo tu, matundu yanakutana na maji yanapita. Ukirudisha, yanapishana. Mama mkwe wangu ana baridi yabisi ya vidole, koki ya zamani alikuwa anamwita mjukuu amfungie. Hii anaisukuma kwa ubavu wa kiganja. Kwa hilo tu ningeilipia hata elfu kumi.

Sasa kununua kwenyewe. Nenda na spindo ya zamani na mkono wa koki, vyote viwili. "Nusu inchi" haitoshi, maana urefu unatofautiana na yale meno ya juu yanayoshika mkono pia yanatofautiana: kuna za meno 20 na kuna za 24. Zisipolingana, mkono hauingii, au unazunguka wenyewe na koki haina habari. Kijana wa dukani alinipa ya kwanza kwa kuangalia kwa macho, nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu tuuvalishe mkono kwanza." Haukuingia. Akaleta nyingine. Tena seramiki zinafungukia pande tofauti, nyingine kulia na nyingine kushoto, kwa sababu hutengenezwa jozi ya maji moto na baridi. Zungusha palepale kaunta ujue umeshika ipi.

Angalia pia nyuzi zake, ile mistari ya kukazia, pale ambapo kromu haijafika. Zikiwa za njano, hiyo ni shaba. Zikiwa za kijivu na kitu chenyewe chepesi mkononi, rudisha. Zile hukatikia ndani ya koki unapokaza, na hapo yule fundi wa kuvunja atapata kazi yake.

Kufunga nyumbani hakuna maajabu. Unafunga geti vavu ya tenki, unafungua shawa maji yaliyobaki yaishe, unaziba tundu la maji machafu kwa kitambaa ili skrubu isizame. Kile kifuniko kidogo cha mkono kinabanduka kwa ncha ya bisibisi, skrubu iko chini yake. Mkono wangu ulikuwa umeshikwa na chumvi, ukoko mweupe umeuzunguka. Niliufunga kitambaa kilicholoweshwa siki, nikauacha usiku kucha, asubuhi ukatoka bila kupigwa nyundo. Halafu spana malaya kwenye nati ya spindo, kuelekea kushoto, taratibu, bila kuyumbisha bomba lililo ukutani. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole na kitambaa kwenye kiti cha koki. Spindo ya seramiki ina mpira chini yake unaokaa palepale, na chembe moja ya mchanga inatosha kufanya maji yaendelee kudondoka ukaja kulaumu duka. Kaza mpaka ishike, basi. Tepu nyeupe ya nyuzi haina kazi hapa.

Lawama zangu kwa bidhaa yenyewe ni mbili. Haikuja na karatasi ya maelezo wala alama ya kuonyesha inafungukia upande gani, na mnunuzi asiyejua kuuliza ataondoka na ya upande usio wake. La pili ndilo zito zaidi: seramiki haipatani na mchanga. Diski zikikwaruzwa hazina washa ya kubadilisha, unatupa spindo nzima. Kwenye bafu la nyumba kubwa, linalotumia maji ya DAWASA kupitia tenki, imetulia kabisa na sina neno. Lakini vyumba vya nyuma vinatumia kisima chenye chumvi na mchanga wake, na sijaweka chujio kule. Hivyo nimeviachia spindo za mpira, na kwenye droo ya jikoni nina washa za akiba. Mpangaji akisema shawa inavuja, natoa mia tano yangu na spana.

Nyumba ya maji safi, nunua ya seramiki. Ya kisima bila chujio, baki na mpira.