Kuunganisha ndege: Doha au Dubai?
Kwa anayetoka Dar au Nairobi kwenda Ulaya mara ya kwanza, Doha ni rahisi zaidi. Kiwanja cha Hamad, kilichofunguliwa 2014, kina terminali moja tu: unashuka, unapitisha begi la mkononi kwenye ukaguzi (maji ya chupa yamwage kabla), unatafuta geti lako kwenye skrini. Ukipotea, uliza lilipo lile sanamu kubwa la dubu wa manjano, liko katikati.

Dubai ina terminali tatu, na hapo ndipo watu hukwama. Emirates hutumia ya 3. Ndege nyingi za flydubai hutumia ya 2, ng'ambo ya njia za kurukia, na kuvuka ni kwa basi. Tiketi ikitaja zote mbili, jiachie angalau saa tatu. Metro nayo haifiki terminali 2.