Uzoefu wangu na programu ya umbali wa ndege: Lubumbashi hadi Guangzhou

Nauza vitenge soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Novemba nilisafiri kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kufuata mzigo, na kabla ya hapo nilipakua kwenye simu programu inayohesabu umbali kati ya viwanja vya ndege. Unaandika Luano, kiwanja chetu, unaandika Baiyun, kile cha Guangzhou, jibu linakuja: kilomita 10,090 hivi, saa 13.

Kwa umbali, naisifu kwa moyo wote. Nilivuta uzi juu ya tufe la dunia la mwanangu wa shule, na kweli ulichukua kama robo ya mzunguko mzima. Hata ule mstari uliopinda kwenye ramani, ambao mwanzoni niliudhani kosa, ndiyo njia fupi yenyewe, kwa kuwa dunia ni mviringo.

Shida ni saa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba wanagawa kilomita kwa mwendo wa 800 kwa saa, kisha wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Yaani ndege moja, bila kusimama. Ndege ya namna hiyo kwetu Luano haipo. Mimi nilipita Addis Ababa: kilomita 2,600 za kwanza, karibu saa nne, nikangoja saa tano, kisha kilomita 8,000 na kitu, saa kumi na robo. Jumla saa 19. Mzunguko wenyewe uliongeza kilomita 550 tu. Kilichokula muda ni kule kungoja.

Na programu haikusema lolote juu ya majira. Guangzhou wametutangulia saa sita. Niliondoka Jumanne saa nane mchana, nikajumlisha zile 13, nikampigia yaya mmoja (kwetu yaya ni ndugu mkubwa) wa mtaa wetu wa Kamalondo, anayefanya biashara kule: "Yaya, nafika saa tisa usiku." Nilitua Jumatano saa tisa alasiri. Yaya alikuwa amekesha kiwanjani, na chumba nilichokilipia usiku ule hakikulaliwa na mtu. Aliponiona hakunigombeza, aliuliza tu: "Mdogo wangu, saa tisa ya wapi?" Iliniuma sana, maana ni mtu mzima, na alikuja kwa ajili yangu.

Wakati wa kurudi, kipande cha Guangzhou hadi Addis kilikaribia saa kumi na moja. Upepo wa juu kule huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda unakusukuma na kurudi unakupinga. Programu inatoa saa zilezile kwenda na kurudi.

Umbali naipa nyota tano, muda nyota mbili. Watengenezaji wangeongeza mahali pa kuandika kiwanja cha kupitia, pamoja na saa za kule unakofika, ningeilipia hata kwa mwezi. Kwa sasa natazama saa zilizochapwa kwenye tiketi, ambazo kila moja ni ya mji wake, na tiketi hiyo naipiga picha nikamtumie yaya mapema.