Ubani wa madhabahu ya nyumbani: upi ununue kwanza

Anayejitengenezea madhabahu, awe mfuasi wa Wika (dini ya kipagani ya kisasa) au mtu wa mizimu ya kwao, hukimbilia kisu, kikombe cha fedha na sanamu. Hivyo vinaweza kungoja. Bakuli la maji, chumvi na mshumaa vimo jikoni tayari. Pesa iende kwenye moshi, ambao kwa watu wa Wika ndio unaowakilisha hewa, moja ya asili zao nne pamoja na maji, udongo na moto. Tena kwa aliyepanga chumba Dar es Salaam, harufu ya ubani haimshtui jirani. Kisu cha ajabu mezani kitamshtua, na sheria ya uchawi ya Tanzania inahesabu kumiliki zana za uchawi kuwa kosa.

Chaguo langu la kwanza ni hojari, ubani wa Dhofar, kusini mwa Oman. Mti hukwanguliwa gome, utomvu ukatoka na kukauka kama machozi. Hupangwa kwa rangi na uangavu: mweupe au wa kijani hafifu ndio ghali, wa kahawia ndio wa chini. Kabla ya kulipa, inua punje kwenye mwanga. Nzuri hupitisha mwanga. Kisha itafune. Mwanzo huvunjikavunjika, halafu inalainika na kunata menoni, na ladha yake ina uchachu kidogo. Ikinuka tapentaini na kutoa moshi mweusi wa masizi, umeuziwa utomvu wa msonobari. Muuzaji akikataa usionje, nenda duka la pili. Punje mbili kwa ibada moja zinatosha, kwa hiyo bei yake haiumi kama inavyoonekana.

Wa pili ni ubani wa Somalia. Kwa matumizi ya kila siku huenda ukakufaa kuliko hojari: bei nafuu na harufu yake inaelekea limau. Nunua punje nzima, usinunue wa unga, kwa sababu unga huficha mchanga na vumbi la gome.

Manemane naiweka ya tatu, na si ya kuchoma peke yake. Ni nzito, chungu. Changanya kidogo na ubani usiku wa kuwakumbuka wafu.

Udi wa kupika wa Zanzibar, wenye sukari na marashi, ni mtamu mno. Ufukize nguo na wageni. Vijiti vya dukani ni vya dharura tu, maana vingi ni unga wa mbao uliochovywa manukato.

Msandali wa Afrika Mashariki usiununue kabisa. Kenya ilipiga marufuku kuukata mwaka 2007, na wanaouiba huung'oa na mizizi. Seji nyeupe, majani ya kufukiza ya California, nayo iache. Wenyeji wa asili wa huko wanalalamika inavunwa hovyo.

Chetezo cha udongo kinatosha, ukitandaza majivu chini. Vile vidonge vya mkaa wa kuwaka haraka vina shura, chumvi ya kuchochea moto: viwashie dirishani, ungoje cheche ziishe na mkaa uwe wa kijivu, la sivyo hojari yako itanuka kiberiti. Na usilale na mkaa unaowaka chumbani, hata kipande kimoja.